Mazishi ya Nyongo

"Mama Omega, mshono uende karibu karibu! Huo mchele hauendi sokoni, unaenda kwa wakubwa."

Elineema alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni mwa mashine yake ya kukoboa mpunga, pale Viwanja Sitini, Ifakara, suruali imejaa pumba mpaka magotini. Devota aliinamia gunia. Alipitisha shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akaivuta mpaka mdomo wa gunia ukafumbana. Tangu alfajiri alikuwa amepepeta, ametoa chuya na vijiwe punje kwa punje, na sasa anashona. Mchele wa wageni hautakiwi kuwa na chuya hata moja. Zile chenga zinazobaki kwenye ungo ndizo hupewa wanawake wa mashineni kama malipo, siku ambazo bosi anasema hali si nzuri, na kwa bosi huyu hali haikuwahi kuwa nzuri tangu anunue mashine ya pili.

"Bosi, nilikuomba tangu jana," Devota alisema bila kuinua uso. "Leo ndo siku ya kambi. Nampeleka baba Omega kwa daktari bingwa."

"Nimekukatalia? Maliza magunia kumi ya mgeni rasmi, uende. Huyo mgeni si ndiye kaja kuizindua hiyo kambi yenu? Mnataka aondoke mikono mitupu, akaseme huko Dar watu wa bonde hawana adabu?"

"Daktari ni wa leo tu, bosi."

"Na mgeni ni wa leo tu."

Paskazia, mwanamke wa Kisukuma aliyekuwa anapepeta mkabala naye, alicheka kwa pua. "Bosi, wewe ukifa tutakupepeta kwanza ndo tukuzike," alisema. Elineema akacheka pia, maana Paskazia ndiye mtu pekee pale aliyeruhusiwa kumtania, kisha akaingia ndani kusukuma mpunga wa magunia mawili ya mwisho kwenye mashine. Hapo ndipo umeme ulipomwonea Devota huruma ambayo mwanadamu alikuwa ameikosa. Ulikatika. Mashine ikanguruma, ikakohoa, ikanyamaza, na mtaa mzima ukasikika unaguna kwa pamoja.

"Haya, nenda," Elineema alisema kwa hasira, kana kwamba Devota ndiye aliyezima. "Umeme ukirudi nakupigia, urudi mbio. Hayo mawili hashoni mtu mwingine. Paskazia anashona kama anafunga mbuzi."

Devota aliondoka na shazia yake imechomekwa kwenye pindo la kanga. Alikuwa amesahau kuirudisha.

Nyumbani, kwenye chumba kimoja walichopanga nyuma ya duka la soda, mume wake Kelestini alikuwa amekwishavaa shati lake la kanisani. Amekaa ukingoni mwa kitanda, anajikuna mgongo kwa gunzi la mahindi. Kucha hazikumtosha tena. Kwa miezi miwili sasa mwili ulikuwa unamwasha usiku na mchana, macho yamekuwa ya manjano, viganja vya manjano, mkojo kama chai ya rangi iliyokaa, na choo cheupe kama chokaa. Majirani walisema nyongo imempanda, wakamletea mwarobaini ndoo kwa ndoo. Aliunywa wote. Kama uchungu wa dawa ungekuwa unaponya, Kelestini angekuwa anacheza mpira.

"Nimependeza?" aliuliza.

"Umependeza. Twende."

"Nataka daktari akiniona aulize mgonjwa yuko wapi."

Devota aligeuka upande, akajifanya anatafuta ufunguo. Alimpenda mume wake kwa utani wake, na siku hizi utani ule ule ulikuwa unamchoma.

Hospitalini walikuta hema kubwa jeupe limesimamishwa uwanjani, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa, spika mbili zinapiga muziki. Juu ya hema kulikuwa na bango: MGENI NJOO, MWENYEJI APONE. Wageni walikuwa wamekaa kivulini. Wenyeji, yaani wagonjwa, walikuwa kwenye foleni juani, na mlinzi alikuwa anapita na kirungu anawaambia wasisogelee viti. Mama mmoja aliyetoka Uchindile na mtoto mgongoni aliuliza kama anaweza kukaa japo kidogo. Mlinzi akamwambia viti vimehesabiwa.

Walipoitwa jua lilikuwa utosini. Daktari bingwa alikuwa mwanamke wa makamo aliyekaribia kustaafu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na mikono midogo kama ya msichana. Jina lake Dokta Aikande.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mama. Marahaba baba. Lala hapa, nikuone tumbo."

Alimbonyeza upande wa kulia, chini ya mbavu, pale penye kovu refu la upasuaji wa mwaka juzi. Katikati ya kovu kulikuwa na kinundu kigumu, ukubwa wa harage. Daktari alikizungusha kwa kidole. Akachukua picha za ultrasaundi walizokuja nazo, akazielekeza dirishani.

"Mwaka juzi walikutoa mfuko wa nyongo."

"Ndiyo daktari. Ulikuwa na mawe. Walinionyesha, kama kokoto za mto Kilombero."

"Na mfuko wenyewe? Majibu yake ya maabara yako wapi?"

Kelestini na Devota walitazamana. Mtu aliyelelewa Masagati, kijijini kwao, hakuona ajabu katika jibu la swali lile, lakini ndani ya chumba kile, mbele ya yule mama mwenye miwani, Devota aliona haya kulisema.

"Tuliuzika," alisema.

"Mliufanyaje?"

Ikabidi aeleze. Baada ya upasuaji walipewa kopo, mfuko unaelea ndani ya maji yenye harufu kali ya kuchoma macho. Nesi alisema hapa hakuna mtu wa kuupima, wakipata nafasi waupeleke Dar. Hakusema unapimwa kwa nini. Mgonjwa mwenyewe mawe yametoka, maumivu yameisha, anakula ugali. Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya Mlimba ilikuwa tope, basi wakawahi kurudi Masagati na kopo lao kwenye kikapu. Bibi Agnetha, mama yake Kelestini, alipoliona alipiga yowe. Mtu mzima hagawanywi, alisema, akalala nusu huku na nusu kwenye mabasi. Kitovu cha huyu mtoto nilikizika mwenyewe nyuma ya nyumba, na hiki kitalala hapo hapo. Akamwaga yale maji yanayonuka, akauosha mfuko kwa maji ya kisima, akaulaza kwenye jani la mgomba. Majirani walikuja kutoa pole. Wanaume walichimba. Ukapikwa wali, ukaliwa na samaki.

"Mimi nilikula sahani mbili," Kelestini alidakia pale kitandani. "Kijiji kizima, mimi ndiye mtu pekee niliyekula matanga yangu mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Dokta Aikande alikuwa amesimama, damu imempanda usoni.

"Mlizika!" alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni. "Kitu cha kuwaambia mnaumwa nini, mkakichimbia shimo, mkakilia ubwabwa! Jamani! Mnataka sisi tufanye nini, tuje na majembe?"

Aibu ilimshika Devota, ikampanda mpaka masikioni. Lakini nyuma ya aibu kulikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyofungua mdomo. "Daktari, samahani. Wewe ungeambiwa mkipata nafasi, ungejua ni jambo la kufa na kupona?"

Daktari alimtazama. Kisha akaketi, akaivua miwani, akaifuta kwa koti ingawa haikuwa na vumbi.

"Mkipata nafasi," alirudia polepole. "Ndivyo walivyowaambia?"

"Ndivyo."

"Basi nisamehe, mama. Nimemgombeza asiyestahili."

Akawaeleza, na alieleza kama mtu mzima anavyomweleza mtu mzima. Alisema kuna mambo mawili. La kwanza, huenda siku ile ya kwanza kisu kiliugusa mrija unaopitisha nyongo, ukafanya kovu, ukaziba. Hilo linatengenezeka: wanakata palipoziba, wanauunga mrija na utumbo, na mtu anarudi shambani kwake. La pili ni saratani, kwamba ule mfuko haukuwa na mawe peke yake.

"Zamani nikiwa daktari mdogo," alisema, "tumbo kama hili tulikuwa tunalifungua, tunachungulia, tunalifunga. Ndugu wako nje wanaimba kushukuru, na sisi tunajua hamalizi mwaka. Tukaja tukajifunza. Ukijua mapema unarudi ndani, unakata sehemu ya ini iliyoshikana na mfuko, unatoa tezi zote za pale, na mtu anaishi. Ninao watu wangu, wananipigia simu kila Krismasi. Kazi hiyo inafanyika Dar, hapa hapa nchini. Ila mtu autazame mfuko kwenye hadubini kwanza, aseme."

"Kwa hiyo ule tungeupeleka..." Devota alianza.

Dokta Aikande hakumsaidia kumaliza. Kelestini naye alikuwa anatazama dari, gunzi lake limelala kifuani.

"Daktari, mama yangu asiambiwe," alisema baadaye. "Ana miaka mingi. Alinizika vizuri."

Daktari alikubali kwa kichwa. Akasema hicho kinundu cha kwenye kovu ndicho kitakachosema ukweli. Kama ni kovu tu au uzi wa mshono wa zamani, basi kuna matumaini makubwa, na yeye mwenyewe atamfanyia upasuaji. Kama ni saratani, kisu kimechelewa. Watamwekea mpira wa kupitisha nyongo ili alale usiku bila kujikuna, ale, akae na watu wake. Vyovyote vile hospitali kubwa haipangi kitanda bila majibu, na majibu yanachukua wiki mbili tangu kipande kifike maabara. Ini lililofungiwa nyongo namna hii halina subira.

Alimchoma sindano ya kusaidia damu kuganda, akampa ganzi, akakitoa kile kinundu. Haikuchukua muda. Kisha akamkabidhi Devota kopo dogo la plastiki lenye mfuniko mwekundu, na barua ya kwenda maabara. Devota alilitazama kopo.

"Tena mimi?"

"Tena wewe, mama. Naona haya kukwambia. Miaka yote hii tumejifunza kukata ini, hatujajifunza kusafirisha kikopo."

"Wewe daktari huendi nacho?"

"Sisi kesho tunaamkia Mlimba, kisha Malinyi. Dar tunarudi mwisho wa mwezi. Jaribu mabasi. Yakishindikana, gari la mgeni rasmi linarudi leo leo. Kawaombe."

Devota alimrudisha mume wake nyumbani kwa bajaji, akamlaza, akatoka mbio kwenda stendi. Hakuwa na nauli ya kusafiri mwenyewe, na hata angekuwa nayo, Kelestini angebaki na nani? Kijana wa vifurushi alilipokea kopo likiwa ndani ya mfuko, akalitikisa.

"Ndani kuna nini, mama?"

Devota alisema ukweli. Kosa lake likawa hilo.

"Nyama ya mtu?" Kijana aliliachia kopo mezani kama limemuunguza. "Wee mama! Nyama ya mtu unaileta hapa?"

"Ni ya mume wangu. Barua ya daktari hii hapa."

"Barua yenyewe haina muhuri wa hospitali! Kiungo cha binadamu kwenye basi, tukisimamishwa njiani nitasema nini? Mama, ondoka hapa kabla sijaita watu."

Watu hawakuhitaji kuitwa. Wawili watatu walikwisha kusogea, na mpiga debe mmoja alikuwa anauliza kwa sauti ni kiungo gani hicho. Devota alijua habari za kukutwa na kiungo cha mtu huishia wapi. Huwa hazifiki polisi. Alilikumbatia kopo lake, akaondoka kwa hatua za kawaida mpaka kwenye kona, kisha akakimbia.

Alirudi hospitalini. Muhuri ulikuwa ofisini, ofisi ilikuwa imefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa hemani akisikiliza hotuba. Mgeni rasmi alikuwa amefika pale anaposema huduma za kibingwa sasa zimesogezwa mpaka mlangoni mwa mwananchi. Akapigiwa makofi. Devota alipita nyuma ya hema, kwenye magari, akamkuta kijana mwenye suti na kitambulisho shingoni akikagua gari refu jeupe la mizigo ya msafara, ambalo yeye ndiye dereva wake. Aliitwa Fulgensi, ndivyo kitambulisho kilivyosema. Kwa umri Devota angeweza kumzaa, lakini hakusubiri shikamoo.

"Habari za kazi, mwanangu. Nina ombi dogo."

"Mama, kama ni barua ya msaada mpe mtendaji wa kata."

"Siyo msaada. Ni hiki kikopo tu, cha hospitali, kifike maabara Dar. Daktari bingwa ndiye kanituma kwenu. Hata kikombe cha chai kinakizidi."

Fulgensi alilitazama kopo, akarudi nyuma hatua moja. "Hapana. Hapana, mama. Huu ni msafara wa kiongozi, una itifaki yake. Hatubebi vitu vya hivyo."

"Nitakifunga vizuri. Utakiweka hata chini ya kiti."

"Gari halina nafasi."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Devota alichungulia. Kulikuwa kweupe kabisa, turubai jipya limetandikwa, hakuna hata chupa ya maji.

"Mbona hapa patupu?"

"Hapo pana mzigo unakuja. Mama, usinizingue, niko kazini."

Devota alijua ni mzigo gani unaokuja. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye pindo la kanga, ukaigusa shazia. Simu yake ikaita. Alikuwa Elineema, na nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Umeme umerudi! Uko wapi wewe? Gari linapitia hapa kupakia, na magunia mawili yako wazi!"

"Nakuja, bosi," alisema Devota. Alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia.

Njiani alipita dukani akanunua mifuko mitatu ya nailoni. Alilifunga kopo na barua kwenye wa kwanza, akafunga wa pili juu yake, na wa tatu juu ya huo, kila fundo akilivuta kwa meno. Kipande cha mtu kingekaa humo mwaka mzima na punje isilowe.

Mashineni gunia la tisa alilishona kama anavyoshona siku zote. Akafika kwenye la kumi. Lilikuwa limejaa mpaka shingoni, mchele bado una joto la mashine, unanukia vile mchele wa bonde unavyonukia. Alifukua kwa kiganja. Paskazia aliuona ule mfuko ukitoka kwenye kanga. Aliuona pia uso wa mwenzake. Alisimama na ungo wake katikati ya mlango, akaanza kumpigia bosi kelele kuhusu chenga za wiki iliyopita, kwamba alipunjwa, kwamba yeye siyo mtoto mdogo, na Elineema akatoka nje kubishana naye kwa furaha kama kawaida yao.

Devota hakulifukia kopo chini, lisije likaonekana mwakani. Alililaza juu, akalifunika na mchele kiasi cha kiganja. Kisha akashona. Hakuwa amewahi kushona gunia vizuri namna ile. Alipomaliza alichukua kalamu ya wino mzito ya kuandikia majina ya wateja, akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: MCHELE SUPA MPYA. ANZENI NA HILI.

"Umefanya la maana," Elineema alisema aliporudi. "Biashara ndo inavyotakiwa. Naona leo umechangamka."

Gari lilifika. Fulgensi alishuka, akamtazama Devota, akajifanya hajawahi kumwona. Vibarua walipakia. Magunia tisa yalikaa nyuma kwa kusukumwa na magoti, na la kumi likakosa mahali.

"Hilo tuliache?" kibarua mmoja aliuliza.

"Liache wapi? Hilo ndilo la mheshimiwa mwenyewe, halijaandikwa lianze?" Fulgensi alisema. Alitoa begi lake kwenye kiti, akaliweka miguuni, akawaamuru walikalishe gunia pale pale kwenye kiti cha abiria. Lilipoegemea mlango aliona halijatulia vizuri, basi akavuta mkanda, akalifunga.

Devota alilazimika kugeukia ukuta. Kicheko na kilio vilimjia pamoja, na hakujua kipi ni kipi. Ndani ya mji mzima wa Ifakara hakuna mtu aliyewahi kumfungia Kelestini mkanda.

Jioni alimkuta mume wake ameegemea mto, bandeji kwenye kovu.

"Kimeondoka?" aliuliza.

"Kimeondoka."

"Na basi?"

"Na gari la mheshimiwa. Kimekaa kiti cha abiria, kimefungwa mkanda. Kiyoyozi juu."

Akamsimulia yote. Kelestini alicheka mpaka akashika tumbo, akalalamika kwamba anamuua kabla ya saratani. Kisha akajifuta machozi ya kicheko. "Watakufukuza kazi, mama Omega."

"Watanifukuza."

"Na huenda wakakitupa."

Hilo Devota alikuwa amekwisha kulifikiria njia nzima, na lilikuwa limemkaa kifuani tangu gari lilipopotea. Alichukua gunzi, akamgeuza ubavu, akaanza kumkuna mgongo taratibu.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mashineni kama siku zote, ungo mkononi. Elineema alitoka ofisini na simu sikioni. Magunia yake yote yalikuwa yamepigwa chapa ya mashine na namba ya simu, alikuwa anaionea fahari sana chapa ile.

"Ndiyo mheshimiwa mama... Hapana mama... Sijui, mama, naapa kwa Mungu..." Alimtazama Devota, na macho yakamtoka. Akamnyooshea simu. "Umenimaliza, wewe mwanamke. Ongea nao. Halafu uchukue kanga zako uende."

Devota aliweka ungo chini, akapangusa mikono, akaipokea.

"Shikamoo, mama."

"Nani wewe?" Ilikuwa sauti ya mwanamke wa nyumbani kwa mheshimiwa, kali, na nyuma yake watu wa jikoni walikuwa wanaongea wote kwa pamoja. "Umetutumia uchawi nyumbani kwetu? Msichana wangu kafungua gunia, kazimia! Hiki ni nini?"

"Siyo uchawi, mama. Ni nyama ya mume wangu. Hospitali kubwa hawampokei mpaka ipimwe, na huku kwetu hakuna wa kupima. Barua ya daktari iko ndani ya nailoni, maabara imeandikwa. Nadhani hapo kwenu siyo mbali."

"Na ukaiweka kwenye mchele!"

"Nilimwomba kijana wenu. Aliniambia nafasi ipo ya mchele tu."

Upande wa pili Devota alisikia mtu akiuliza, mama, tukitupe? Alishika ukuta. Paskazia alikuwa ameacha kupepeta.

"Na huu mchele wote sasa?" yule mama aliuliza, safari hii kwa sauti ya mtu anayelalamika kweli. "Mchele mzuri hivi. Tutaulaje?"

Devota alifumba macho. Alimwona Bibi Agnetha amepiga magoti nyuma ya nyumba kule Masagati, akilaza jani la mgomba juu ya mfuko uliooshwa.

"Mchele utupeni, mama, mkiona kinyaa," alisema. "Mwingine upo, tutapepeta. Ila hicho naomba msikizike. Kimoja tulishakizika."